Pembe ya Mtongwe Inashuka

Mtongwe, Likoni
3 Agosti 2025

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiondoa mafua ambayo yamepita kila nyumba na mimi yakanipata mara mbili. Mama hajambo. Anakula kidogo, anasali kwa wakati, na wanawake wa mtaa wanakuja kumzungumzisha hadi anachoka nao. Tangu tumzike baba wiki tatu zilizopita hajavuka kizingiti. Nimehesabu siku: eda yake ya ujane itaisha karibu tarehe ishirini Novemba, inshallah.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa karatasi na simu ninayo. Sababu ni kwamba kila nikikutajia pembe ya chumba cha mama, mtandao wa huko kwenu ng'ambo, Sohar, hukatika. Umekatika mara nne. Karatasi haikatiki. Nampa Mwanarusi, mke wa mwenzako wa bandarini, anayerudi huko Alhamisi.

Basi sikiliza. Ule ufa ulioanza kama unywele wakati wa masika sasa unaingia kidole changu chote. Umetoka juu ya dirisha, umekwenda mshazari, umeingia sakafuni. Mlango haufungiki. Ukiweka limau katikati ya chumba linabingirika lenyewe mpaka pembe ya upande wa jikoni. Pembe ile inashuka, na mama analala futi tatu kutoka hapo.

Nimemleta Fundi Ngala wa Kaloleni, aliyejenga ukuta wa shule ninayofundisha. Alishusha timazi kupima unyoofu wa ukuta, akatazama, akaikunja tena. Nikamwambia, "Fundi, sema basi." Akasema, "Mwalimu, ukuta hauna kosa. Ukuta unalia tu. Kinachouma kiko chini." Akabandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa, kwa saruji kidogo huku na huku. Kioo kikivunjika, nyumba bado inatembea. Kisha akauliza swali moja: kabla ya chumba hiki, hapa palikuwa na nini?

Mama alijibu kutoka nyuma ya pazia: "Palikuwa ua. Muulizeni Mbwana. Yeye ndiye aliyefanya kazi hapo na babake."

Chumba kilijengwa mwaka 1991. Mimi nilikuwa shule ya bweni, Kwale. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulikuwa nyumbani. Sitaki kitu kingine kutoka kwako. Palikuwa na nini?

Nduguyo,
Rahima


Sohar
21 Agosti 2025

Mdogo wangu Rahima,

Marahaba. Nimepata barua yako na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa, kwa sababu barua zako humsimamisha mtu kama mshtakiwa. Nashukuru mama hajambo. Mimi pia sijambo. Joto la mwaka huu limepita kiasi, chuma cha makontena hakishikiki hata kwa glavu. Moyo wangu haujatulia tangu nikose mazishi ya baba, na hilo najua huwezi kunisamehe upesi.

Kuhusu nyumba. Nyumba za zamani zote zina nyufa, Rahima. Ya kina Mwidani jirani ina nyufa tangu tukiwa watoto na mpaka leo wanakaa. Ngala ni mtu mwema lakini ni fundi wa sururu. Atakuambia chimba kwa sababu ndilo analolijua.

Nimetazama mambo haya kwa makini kwenye mtandao. Siku hizi msingi hauchimbwi. Wanatoboa tundu dogo sakafuni, wanaingiza dawa, dawa inavimba kama povu, inajaza mapengo na kuinua nyumba. Kazi ya siku moja. Mama hana haja ya kutoka, eda yake haisumbuliwi, wala wanaume hawajazani ndani ya nyumba wiki nzima. Kampuni moja ya mjini nimekwisha zungumza nayo. Kijana wao atakuja kutazama. Naomba umpokee kwa upole.

Hilo la 1991 ni zamani mno, sikumbuki vizuri. Palikuwa ua, kama alivyosema mama.

Msalimie mama. Mwambie namuombea.

Kakako,
Mbwana


Mtongwe
7 Septemba 2025

Kaka Mbwana,

Shikamoo, na mama anakusalimu. Amepungua kidogo lakini ulimi wake uko palepale, utaona. Shule imefungua. Nina darasa la watoto sitini na wawili, na wote kwa pamoja hawanichoshi kama wewe.

Kioo cha Ngala kilivunjika siku ya tisa. Naanza na hilo ili lisipotee kwenye mengine.

Kijana wako alikuja. Jina lake Dancun. Nilimpokea kwa upole, nikampa chai na mahamri, kisha nikamuuliza maswali, na hilo sidhani ulinikataza. Nakuandikia mazungumzo kama yalivyokuwa.

"Madam, hii kitu ni poa sana. Asubuhi tunadunga, jioni mnakaa."

"Dawa yenu inavimba ikikutana na nini?"

"Na udongo, madam. Inasukuma udongo, slabu inainuka."

"Na kama chini hakuna udongo?"

"Aki, madam, lazima kuwe na udongo. Hii ni dunia."

Nilicheka, wallahi. Nikamuuliza: kama chini kuna shimo, dawa itajaza shimo? Akasema itajaza. Kama shimo lina kitu kinachooza? Akakuna kichwa. Nikamwambia aniambie ukweli, mimi si bosi wake. Akasema: "Ukweli, madam, kama kunaoza chini, tutakuwa tumeweka godoro juu ya matope. Itainuka leo, itashuka tena. Na hatuwezi kuchagua dawa iende wapi, inafuata njia rahisi. Kule Mjambere iliwahi kutokea chooni kwa jirani." Akaongeza kwamba dawa yao ilitengenezwa kwa sakafu za zege, na kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, upande mmoja ukiinuka ghafla, ukuta wa namna hii haupindi, unakatika. Nikamshukuru. Ni kijana mwaminifu kuliko kampuni yake na kuliko mteja wake.

Na kwa kuwa wewe umesoma mtandao, mimi nimesoma Ngala. Nilimkalisha uani nikamwambia anipe njia zote na ubaya wa kila moja. Kuziba ufa kwa saruji: saruji ni ngumu kuliko ukuta wetu, inafungia unyevu ndani, na nyumba ikiendelea kushuka inafungua ufa mwingine pembeni. Kumimina saruji ya maji chini ya msingi: huoni inakokwenda, na ni uzito mwingine juu ya mahali palipokwisha shindwa na uzito. Kuchimba chini ya msingi na kujaza zege: hiyo ndiyo kazi ya kweli, lakini hufanywa kipande kwa kipande, futi tatu tatu, unaruka moja unarudi, unangoja zege likomae. Fundi mwenye haraka akifungua vipande viwili vinavyopakana, ukuta unamlalia. Na hata ukifanya vizuri, pembe moja ikikaa juu ya mwamba na nyumba iliyobaki ikakaa juu ya mchanga, zitagombana, nyufa zitahamia kwingine.

"Sasa wewe wachagua ipi?" nikamuuliza.

"Sichagui, Mwalimu. Nikiwa sijui nyumba inakalia nini, kila njia ni kamari. Na palipokuwa na shimo sishuki chini ya ukuta bila kujua. Nina wake wawili, hakuna hata mmoja aliyeniudhi kiasi hicho."

Akaongeza sharti: siku atakayogusa pembe ile, mtu asiwe ndani ya nyumba. Boriti za paa zimeshikana, pembe moja ikienda zote zinavutwa.

Kwa hiyo mama lazima atoke, aje kwangu. Nikaenda kwa ustadhi wa msikiti wetu kumuuliza. Akasema wazi: mwenye eda akihofia nyumba kumwangukia, ana ruhusa kuhama. Nikarudi mbio na fatwa yangu. Mama akaniuliza:

"Kasema akihofia nani?"

"Mwenye eda, mama."

"Mimi sihofu. Wahofu wewe. Basi hama wewe."

Ndivyo alivyo mama yako. Nikambembeleza, nikamkasirikia, nikalia kidogo. Mwisho akasema maneno ambayo nakuandikia kama yalivyo: "Nyote mwadhani. Ngala adhani, wewe wadhani, ustadhi hajaiona hata nyumba. Sitamvunjia mume wangu eda kwa dhana. Aje mtu aniambie anajua kilicho chini, nitatoka saa hiyo hiyo."

Mbwana, palikuwa na nini?

Rahima


Sohar
26 Septemba 2025

Rahima,

Nimepata barua yako. Natumai shule inaendelea vizuri na mama anakula.

Sijapendezwa na namna ulivyomhoji yule kijana. Kampuni imenipigia simu kusema haitakuja tena. Hii ndiyo tabia yako, ukipata mtu wa kubishana naye husahau kilichokuleta. Unaandika magazetini kila mwezi kuhusu barabara, kuhusu kivuko, kuhusu wizara, na hakuna hata kimoja kilichojengwa kwa makala zako. Nyumba haijengwi kwa hoja.

Mama kasema hatoki. Basi mheshimu. Zimebaki wiki nane tu za eda. Mwezi wa Desemba nina likizo, nitakuja mwenyewe na tutaamua mimi na wewe kwa utulivu. Kwa sasa nimemwomba mtu wangu apite azibe ufa na kupiga lipu, angalau upepo usiingie na mama asiutazame kila akiamka.

Ngala asivunje sakafu. Hilo nakuomba sana. Asivunje sakafu mpaka nije.

Mbwana


Mtongwe
9 Oktoba 2025

Mbwana,

Mama mzima. Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata yangeweza kukufanya udhani vinginevyo.

Mtu wako alikuja nikiwa shuleni. Alipiga lipu ya saruji ukuta mzima, safi, nyeupe, kama uso wa maiti uliopakwa poda. Siku ya sita mvua za vuli zikaanza. Siku ya nane, adhuhuri, mama alikwenda kutawadha. Aliporudi akakuta bamba la ukuta lenye ukubwa wa meza limelala juu ya mswala wake. Saruji yako ilishikilia chokaa, chokaa ikashikilia mawe, vyote vikaja pamoja. Kama angekuwa amekwisha anza sunna, angekuwa amesujudu hapo.

Niliposikia nilikuwa mbele ya darasa. Nilitembea kutoka shule mpaka nyumbani kwenye mvua na sikumbuki njia.

Unajua alisema nini? Alifagia vumbi, akatandika mswala upande wa pili, akaniambia, "Umelowa, badili nguo." Nikamwambia mama, tafadhali, sasa umeona. Akasema ameona ukuta umeanguka, hajaona sakafu imeanguka. Ubishi wangu niliutoa wapi, watu huuliza.

Sasa wewe. Nimesoma barua yako ya mwisho mpaka karatasi imelegea. Umeandika kwamba hukumbuki. Umeandika kwamba palikuwa ua. Kisha umeandika mara mbili, mistari miwili iliyofuatana, kwamba sakafu isivunjwe. Mtu asiyejua kilicho chini hana sababu ya kuiogopea sakafu. Ulitaka povu kwa sababu povu halifungui kitu. Ulitaka lipu kwa sababu lipu inafunika. Unataka Desemba kwa sababu Desemba ni mbali. Siku zote nilidhani ni uvivu wa mtu aliye mbali, na uvivu ningeuvumilia. Huu si uvivu. Wewe unajua.

Sitakuhubiria. Mama amesema atatoka kwa neno la anayejua. Sisi wote tunadhani. Mtu mmoja katika dunia hii anajua, naye yuko Sohar anahesabu makontena. Kila siku unayonyamaza, ni wewe unayemlaza pale.

Mwanarusi anasafiri kesho na anarudi Mombasa baada ya siku sita. Nimemwambia asiondoke huko bila jibu lako, hata kama itabidi akae mlangoni kwako.

Rahima


Sohar
14 Oktoba 2025

Rahima mdogo wangu,

Mwanarusi amekaa mlangoni kweli. Nimempa kahawa, na sasa naandika.

Palikuwa na choo. Choo cha shimo cha babu, kirefu, kilichimbwa kabla sijazaliwa. Wewe hukukikuta kikitumika, kilikuwa kimefunikwa kwa mbao na nyuma yake palikuwa na mpapai. Baba alipotaka kuongeza chumba aliniambia nikijaze. Alileta mawe, lori moja na nusu, akanionyesha: mawe makubwa chini, madogo juu, mchanga kati yake, kila futi moja nishindilie kwa gogo na maji. Akanipa siku kumi. Yeye alikuwa kazini Changamwe, akitoka alfajiri na kurudi jua likishatua.

Nilishindilia siku mbili. Kila jiwe lilipoanguka nilisikia linakwenda mbali, na shimo halikupungua. Nyuma ya jiko palikuwa na lundo la makumbi ya nazi, unakumbuka mama alivyokuwa akiuza tui. Makumbi ni maganda mepesi, yanajaza haraka. Nilitupa makumbi yote, nikaagiza na ya majirani. Shimo likajaa alasiri moja. Juu nikapanga mawe safu mbili, nikamwaga mchanga, nikashindilia vizuri sana. Siku zilizobaki nilikuwa uwanjani nacheza mpira.

Baba alirudi akasimama juu, akaruka mara tatu. Akasema, "Umefanya kazi ya mwanamume." Akanishika bega. Rahima, baba alikuwa hanishiki bega.

Mawe yaliyobaki nilimpa babake Mwidani akajengea banda la mbuzi.

Nilidhani nitamwambia kabla kuta hazijapanda. Kisha nikadhani nitamwambia zikipanda. Kisha baba na mama wakahamia humo, na nilipokuja huku nikajiambia makumbi labda yamekuwa udongo. Ufa ulipoanza baba alinipigia simu kuniuliza, mwezi wa Mei. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, mawe yale yalitosha?" Nikamwambia yalitosha. Mwezi wa Julai akafa.

Sasa unajua. Mwambie Ngala. Mwambie mama chochote kitakachomtoa, lakini nakuomba kwa jina la Mungu, usimsomee barua hii.

Mbwana


Mtongwe
25 Oktoba 2025

Kaka yangu Mbwana,

Shikamoo. Nimemsomea.

Nilifika nimeificha mkobani, nikiwa nimekwisha tunga maneno ya kumwambia: nimepata habari, kuna shimo la zamani, mama tutoke. Akanitazama mkoba. "Kaandika?" Nikasema ndiyo. "Soma." Mimi, niliyekuandama miezi mitatu kwa ajili ya ukweli, nikaanza kuruka mistari. Akanigundua kwenye mstari wa tatu. "Rahima, mimi si darasa lako. Soma kama alivyoandika." Nikasoma yote, pamoja na bega, pamoja na simu ya mwezi wa Mei. Aliniomba nirudie hapo palipo na makumbi. Choo alikijua; siku zote aliamini kimejaa mawe, ndiyo maana hakukitaja. Kisha akasema, "Haya. Hiyo ni yakini," akaniambia nimletee buibui lake. Tulitoka mchana kweupe, akatembea hadi kwangu bila kumsalimu mtu wala kugeuka nyuma. Hajasema neno juu yako mpaka jana. Nitafika hapo.

Jumatano Ngala alivunja sakafu. Safu zako mbili za mawe zilikuwa zimejishikilia zenyewe kama kifuniko cha sufuria. Chini yake pengo, mtu anaweza kusimama akanyoosha mkono. Chini ya pengo, makumbi: meusi, yamelowa, yanatoa harufu ambayo imefukuza hata paka. Ngala alichungulia ndani, akasema, "Mwalimu, huyu mtu alishindilia vizuri. Ndiyo maana nyumba ilikaa miaka thelathini na minne. Angeshindilia vibaya mngejua mapema." Sijui kama hiyo ni sifa.

Nilitoka nikaenda kulitazama banda la mbuzi la kina Mwidani. Halina ufa hata mmoja.

Sasa hesabu ya mwisho, na usitafute mtandaoni njia nyingine, maana hakuna. Chumba cha pembe hakiponi. Ngala ameweka magogo kuegemeza paa, na amekwisha bomoa ukuta uliopasuka jiwe kwa jiwe. Shimo litatolewa makumbi yote mpaka chini, kisha lijazwe namna baba alivyosema. Kuta mbili zinazobaki zitachimbiwa na kuwekwa zege kipande kwa kipande, na hiyo itakwenda mpaka Januari. Akimaliza, nyumba itasimama, lakini haitanyooka. Mlango wa ukumbini utabaki umepinda. Sakafu itabaki na mteremko. Nilimuuliza kama haiwezekani kuirudisha ilivyokuwa, akanijibu kwamba yeye anazuia nyumba isiende mbele zaidi, kuirudisha nyuma hajui, na anayesema anajua nisimpe hata maji.

Jana alikuja kwangu kuomba ruhusa ya kuanza kutoa makumbi. Mama akamwambia kutoka chumbani, "Hayo ayatoe aliyeyatia."

"Bi Mkubwa, shimo wazi halingoji mtu. Hii ni vuli."

"Litamngoja. Mimi limeningoja miaka thelathini na minne."

Ngala akanitazama mimi, kwa sababu kila mtu hudhani nina jibu. Nilikuwa nalo. Nilikuwa na hoja tano kwamba mama anakosea, kwamba mvua haijui adabu ya mtu, kwamba vibarua wawili wangemaliza kwa siku tatu. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilizimeza zote. Nikamuuliza Ngala anaweza kulizuia shimo kwa muda gani, kwa turubai juu na mifuko ya mchanga kandoni.

Amekubali siku kumi. Ya kumi na moja analijaza, mama apende asipende, kwa sababu kuta zilizobaki zitaanza kuvutwa.

Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu, maana Mwanarusi hasafiri mwezi huu. Desemba haipo tena. Omba ruhusa kazini, danganya ikibidi, hilo unaliweza. Usilete zawadi wala kanzu mpya. Mama ameuliza kama bado una viatu vya kazi vya ngozi nene, nikasema sijui. Kasema uje navyo.

Siku kumi, Mbwana. Leo ni ya pili.

Nduguyo,
Rahima